Jiokeshi kwa anayeanza: kutafuta vificho kati ya mawe ya Mwanza

Kanda ya Ziwa, mtu akionekana anachungulia kwenye nyufa za mawe huku ameshika simu, majirani hawakosi maelezo. Anatafuta dhahabu. Au ana ramani ya mali iliyofukiwa na Wajerumani wakati wa vita. Au amekuja kuchimbia kitu kibaya. Kumbe huenda anatafuta kikopo cha plastiki chenye karatasi ndani, aandike jina lake na tarehe, akirudishe palepale alipokikuta na kwenda zake. Mchezo huo ndio jiokeshi (geocaching): mtu huficha kikopo, hutangaza mtandaoni namba za mahali kilipo, na wengine hukitafuta kwa simu. Nauandikia maelezo haya kwa sababu mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yametungwa kwa mtu anayetembea kwenye misitu ya Ulaya na Marekani. Hayasemi lolote kuhusu majabali ya granaiti, kichocho wala mwenyekiti wa mtaa, na hayo ndiyo mambo atakayokutana nayo anayeanza hapa.

Shika jambo moja mapema: simu itakufikisha jirani tu. Mita kumi za mwisho ni kazi ya macho yako, mikono yako na salamu zako. Wanaoanza huvunjika moyo kwa kutolijua hilo. Wanakodolea kioo mpaka betri inakwisha, na kikopo kiko nyuma ya mgongo wao.

Mchezo wenyewe una tarehe ya kuzaliwa. Hadi mwaka 2000, Marekani ilikuwa ikichakachua kwa makusudi mawimbi ya GPS, mfumo wake wa setilaiti za kuonyesha mahali, yanayopokelewa na raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliagiza uchakachuaji huo ukome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 ukazimwa. Ghafla vifaa vya kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa makosa ya mita chache tu. Tarehe 3 Mei, Mmarekani mmoja aitwaye Dave Ulmer aliweka ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaitia vitabu, programu za kompyuta, manati na hata kopo la maharage, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya ndoo hiyo kwenye jukwaa la intaneti la wapenzi wa GPS. Sharti lake lilikuwa fupi: ukichukua kitu, acha kitu, na uandike kwenye daftari. Mike Teague ndiye aliyeifikia wa kwanza, na haikuchukua hata wiki. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com, na leo vificho vilivyosajiliwa humo vinazidi milioni 3 duniani kote.

Sasa ipime tofauti hiyo kwa Mwanza. Kosa la mita 100 kwenye mlima wa Mabatini ni sawa na kuambiwa utafute mtaa mzima, nyumba na mawe vikiwa vimechanganyikana. Kosa la mita 5 ni jabali moja, au mawili yanayoegemeana. Mchezo uliwezekana katika tofauti hiyo.

Namba zinavyosomwa

Kila kificho kina ukurasa wake kwenye tovuti hiyo, na kwenye ukurasa kuna koodineti, yaani namba za mahali kilipo. Hapa ndipo wengi wanapotea kabla hawajatoka nyumbani, basi nitakaa kidogo.

Jiokeshi huandika mahali kwa nyuzi, na dakika zenye desimali. Chukua mfano huu wa darasani tu, usiende kutafuta kitu pale: S 02° 31.200, E 032° 53.400. S ni kusini mwa ikweta, E ni mashariki. Namba ya kwanza ni nyuzi, inayofuata ni dakika, na uzi mmoja una dakika 60. Ramani nyingi za simu, kwa upande wake, hutumia nyuzi za desimali peke yake. Ukitaka kuhamisha, gawanya dakika kwa 60: 31.2 inakuwa 0.52, na 53.4 inakuwa 0.89. Mahali hapo kwa mtindo wa pili ni -2.52, 32.89. Alama ya kutoa inasimama badala ya S.

Mtu mwenye haraka huandika -2.312 na 32.534, akidhani nukta imesogea tu. Ramani haitamkatalia. Itampeleka kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, pande za Kisiwa cha Kome. Akisahau hiyo alama ya kutoa ndiyo balaa zaidi: anavushwa ikweta na kuwekwa kaskazini mwa Uganda, kilomita 550 na ushee kutoka hapa. Kwa hiyo kabla ya kupanda daladala, hakikisha alama kwenye ramani imeangukia mtaa unaoujua.

Sisi wa Mwanza tuna nafuu moja ambayo mtu wa Oregon hana. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zina urefu karibu sawa, kilomita 1.85 hivi kila moja. Maana yake, tarakimu ya tatu baada ya nukta ni hatua mbili za mtu mzima, uelekeo wowote uendao. Kule Oregon dakika ya longitudo imepungua hadi kilomita 1.3. Ukilijua hilo unaweza kusoma namba mbili na kukisia umbali bila ramani: zikitofautiana kwa 0.010, ni mita 18 hivi.

Kwa nini mshale unacheza

Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, na kila moja imebeba saa ya atomiki. Inatangaza muda wake na mahali ilipo. Simu yako inapima mawimbi yametumia muda gani kufika, yaani sekunde 0.07 hivi, na kutokana na hapo inakokotoa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukuweka mahali, lakini saa ya simu si ya atomiki. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana simu inahitaji setilaiti ya nne, ili isahihishe saa yake. Simu nyingi za sasa zinasoma pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwa hiyo setilaiti hazipungui angani.

Uwanjani, pale Furahisha kwa mfano, simu nzuri itakosea kwa mita 5 au chini ya hapo. Ingia kati ya majabali makubwa ya Capri Point au Bwiru uone. Jabali linaziba nusu ya anga, na mawimbi mengine yanagonga ukuta wa jiwe kwanza ndipo yafike kwenye simu. Ni kama mtu anayekuita kutoka upande wa pili wa mawe: sauti unaisikia, ila inatoka kwenye jiwe lililo kinyume na alipo. Mawimbi yaliyozunguka yamechelewa, simu inadhani setilaiti iko mbali zaidi, na mshale unaanza kuruka. Juu ya hilo, tuko kwenye tropiki, ambako tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka hasa baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi. Asubuhi ni wakati bora kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya jua pia.

Dawa yake ni rahisi. Ukiwa umebakiza mita 30, simama mahali palipo wazi, acha simu itulie dakika moja, tazama mshale unaelekea wapi. Sogea pembeni hatua ishirini, tazama tena. Pale mielekeo miwili inapokutana ndipo pa kuanzia. Baada ya hapo tia simu mfukoni.

GPS yenyewe haili bando. Bando linahitajika kupakua ramani na ukurasa wa kificho, kwa hiyo pakua vyote ukiwa nyumbani. Programu rasmi ya Geocaching unaweza kuianza bila malipo, ingawa baadhi ya vificho hufunguliwa kwa wanachama wanaolipia tu. Wenye simu za Android wanaweza kutumia pia c:geo, ambayo ni ya bure. Kifaa maalumu cha GPS si lazima kwa anayeanza. Power bank ni muhimu zaidi.

Ukurasa unakuambia nini

Soma alama mbili: ugumu wa kukipata na ugumu wa njia, kila moja kuanzia 1 hadi 5, kwa kupanda nusunusu. Njia ya 1 inapitika hata kwa kiti cha magurudumu. Njia ya 5 inataka chombo maalumu, kamba za kupandia au mtumbwi, na kificho kilichowekwa kwenye kisiwa kisichofikika ila kwa boti huwa na alama hiyo. Anza na 1 au 1.5 pande zote mbili. Tazama na ukubwa: vile vidogo zaidi havifiki mililita 100, ni kama kikopo cha filamu ya zamani au chini ya hapo, vingine ni ndoo. Halafu soma walioandika mwisho. Kama watatu waliotangulia wote hawakukiona, usipoteze nauli.

Zipo aina nyingi. Kuna vya kawaida, ambavyo koodineti zinakupeleka moja kwa moja. Kuna vya hatua, ambapo kituo cha kwanza kinakupa namba za cha pili. Kuna vya mafumbo, ambavyo unatakiwa ufumbue kitu kwanza ndipo upate namba za kweli. Kuna na visivyo na kopo kabisa, nitavirudia baadaye kwa sababu naviona ndivyo vinavyotufaa zaidi. Tanzania bado ina vificho vichache, usitarajie ramani ya Mwanza kujaa alama kama ya London. Hiyo ni hasara kwa mtafutaji, na ni nafasi kwa mwenye kutaka kuficha.

Mita kumi za mwisho

Umeshatia simu mfukoni. Sasa jiulize: ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Aliyeficha naye alikuwa binadamu mwenye mikono miwili, aliogopa mvua, aliogopa watoto, alitaka mahali atakapopakumbuka. Tafuta kisicho cha kawaida. Mwanza kokoto huanguka ovyo chini ya majabali. Ukiona vijiwe vitatu vimepangwa kuziba ufa, kuna mkono uliovipanga. Majani makavu yaliyorundikana upande ambao upepo wa ziwani hauyapeleki, nayo yana sababu. Angalia juu ya usawa wa macho, watu husahau. Angalia chini ya ubao wa benchi, nyuma ya nguzo, ndani ya bomba la uzio. Vikopo vingine vina sumaku.

Usitie mkono kwenye shimo ambalo hujalimulika. Nyufa za mawe haya ni nyumba za wenyewe: nge, nyuki, kifutu, pimbi. Mara nyingi utakayemkuta ni mjusi yule wa Mwanza, dume lenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, akipiga push-up juu ya jiwe. Huyo hana neno. Tumia fimbo kwanza, tochi ya simu pili, mkono mwisho. Anga ikianza kunguruma, shuka; Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na mtu aliyesimama kileleni mwa jabali tupu yuko mahali pabaya kuliko pote. Na kama mshale unaelekea kwenye matete ufukweni, usivue viatu na kuingia majini. Konokono wanaobeba kichocho hupenda hayo maji tulivu ya kina kifupi. Mfichaji mwenye busara hakuweka kitu humo, kwa hiyo zunguka nchi kavu.

Ukikipata, kaa chini kwanza. Ndani utakuta karatasi iliyosokotwa, pengine imelowa kidogo pembeni. Ikunjue taratibu, andika tarehe na jina unalotumia mchezoni chini ya la mwisho. Tumia penseli, wino huyeyuka unyevu ukiingia. Isokote tena kwa kukaza ili mfuniko usiibane, funga mpaka usikie umekaa, rudisha mahali palepale, upande uleule, vijiwe vilevile. Usikihamishe hata kama unaona pengine pangefaa zaidi. Kwenye kopo kubwa kuna vitu vya kubadilishana. Ukichukua, acha chenye thamani hiyo au zaidi, na kamwe si chakula: siafu na panya watakitafuta kabla ya mtu. Kidude chenye namba ya kufuatiliwa hakibadilishwi. Unakichukua ili ukipeleke kwenye kificho kingine, ndiyo safari yake.

Halafu andika kwenye ukurasa. Kama hukukiona, andika pia kuwa hukukiona. Taarifa hiyo ndiyo inayomwambia mwenye kificho aende akakague.

Watu

Mafunzo ya nje yanasisitiza ujifiche, usionekane na wapita njia. Kwa Mwanza sikubaliani nayo. Anayejificha kati ya mawe nyuma ya nyumba za watu huku Igogo au Mabatini ndiye anayepigiwa kelele za mwizi, na kelele hizo zikishaanza maelezo hayasikilizwi. Salimia kabla hujaulizwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nini hapo?"

"Tunacheza mchezo, mzee. Kuna mtu ameficha kikopo chenye karatasi, tunatakiwa tukipate tuandike majina."

"Mkikipata mnalipwa?"

"Hatulipwi, mzee. Tunakirudisha palepale."

Hapo mwonyeshe simu, mwonyeshe ramani. Swali la malipo litakuja kila mara, na ni la haki kwa watu wa mkoa uliopakana na Geita, ambako mtu akizunguka mawe na kifaa huwa anatafuta madini. Jibu kwa upole na bila kucheka. Mzee akisema pale pana matambiko, au kwamba jiwe lile haliguswi, ondoka. Kuna mawe Usukumani na Ukerewe ambayo kwa wenyewe ni mahali pa kuombea, na hakuna kikopo kinachostahili kuwakosesha heshima.

Kuna pia mahali ambapo hata salamu haitakusaidia: bandarini, uwanja wa ndege, kambi za jeshi, reli, daraja la Kigongo–Busisi, shule. Usitafute na usifiche huko. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa. Utalipa kiingilio kama mgeni mwingine, na chochote unachotaka kukiacha kinahitaji ruhusa ya TANAPA.

Ukitaka kuficha

Tafuta kwanza, tena kwa muda, ndipo ufiche. Kanuni kuu ni chache. Kificho kipya kiwe angalau mita 161 kutoka kwa chenzake. Usichimbe ardhi. Uwe na ruhusa ya mwenye eneo. Uweze kukirudia mara kwa mara kukikagua. Ukishajaza ukurasa, mhakiki wa kujitolea anaupitia kabla haujachapishwa, na akiuliza swali, mjibu.

Ruhusa hapa ianzie kwa mwenye kiwanja na ofisi ya mtaa. Nenda na kikopo chenyewe, kifungue mbele ya mwenyekiti, aone karatasi. Bandika juu yake maandishi ya Kiswahili: huu ni mchezo, hakina madhara, tafadhali kirudishe. Mtu akikikuta kwa bahati, maandishi hayo yatapunguza hofu ya uchawi na ya bomu kwa pamoja. Jambo la pili ni aina ya kopo. Chupa za plastiki na vyuma mjini kwetu vina bei, waokotaji hupita kila asubuhi, na hawakosei kuchukua kilichoonekana kimetupwa. Kopo linalong'aa halimalizi wiki. Lipake rangi ya jiwe, liwe dogo, mfuniko wenye mpira wa kuzuia maji, masika yatalijaribu.

Kwa hayo yote, nadhani Mwanza inafaa zaidi kwa vile vificho visivyo na kopo nilivyoviahidi, hasa vinavyoitwa EarthCache. Hivi havina cha kuibwa, kulowa wala kutiliwa shaka. Mtu anafika mahali penye somo la jiolojia, anaangalia, anajibu maswali ambayo hayajibiki bila kuwapo pale, na kumtumia mwenye ukurasa majibu. Somo tunalo kila kona. Granaiti ya Mwanza iliganda chini sana ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Baadaye ikapasuka nyufa zilizonyooka, za wima na za ulalo, ikawa vipande kama matofali makubwa. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuyalainisha mawe yakiwa bado chini ya udongo, na kwa kuwa kona hushambuliwa kutoka pande tatu, kona ndizo zilizoisha kwanza. Udongo ulipochukuliwa na mvua, yakabaki mapande ya mviringo yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa na mtu. Jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga, limetokana na hatua hizohizo.

Maswali ya kumwuliza mgeni yanajitunga: Nyufa unazoziona zinaelekea wapi, na ngapi ni za wima? Chembe za jiwe zina rangi ngapi, na ipi ni kubwa kuliko zote? Uso upi wa jiwe umemeguka tabaka, unaoelekea ziwani au mjini? Mtu mmoja mwenye kitabu cha jiografia cha sekondari na asubuhi moja ya Jumamosi anaweza kuandaa ukurasa kama huo kwa Kiswahili. Ruhusa ya mwenye eneo bado inahitajika, na wahakiki wa EarthCache watataka somo lieleweke na maswali yajibike papo hapo. Kama unaanza na huna hakika uanzie wapi, anza kwa kupanda Capri Point asubuhi na daftari, uorodheshe mawe matatu ambayo nyufa zake zinaonekana wazi kutoka barabarani, kisha uulize ofisi ya mtaa ni nani mwenye eneo la kila moja.